Lugha ya Mnada wa Mtandaoni: Maneno ya Kuyafahamu Kabla ya Kubonyeza

Utangulizi

Wanafunzi wetu kadhaa wamepanga vyumba Nyakabanda, katika Wilaya ya Nyarugenge, jirani na Nyamirambo ambako Kiswahili kimesikika sokoni na barazani tangu enzi za Wajerumani. Si ajabu basi kwamba maswali mengi wanayotuletea darasani hutoka mitaani humo kuliko vitabuni. Muhula huu swali lililojirudia sana lilihusu mnada. Mmoja alituletea tangazo la «cyamunara» lililokuwa likisambazwa kwa simu: nyumba ya mtaani kwao inauzwa, pana anwani ya tovuti, nambari ndefu yenye mikwaju, na maneno ya Kinyarwanda ya kisheria ambayo hata wenyeji huyasoma mara mbili. Mwingine alitaka kununua kompyuta iliyokwisha tumika katika tovuti ya ng'ambo, akakwama kwenye vifupisho vya Kiingereza. Wote wawili waliuliza jambo moja: maneno haya kwa Kiswahili yana maana gani?

Katika makala haya tutajaribu kuyaeleza maneno hayo, ya hapa Rwanda kwanza na kisha ya tovuti za kimataifa. Jambo tunalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni hili: katika mnada, neno ni ahadi. Kila istilahi inaamua nani atalipa, atalipa lini, na hasara ikitokea itamwangukia nani. Tena, ufahamu wa maneno haya haumlindi mnunuzi peke yake. Nyumba inayouzwa kwa sababu ya deni ni ya mtu. Wanaoelewa tangazo wakiwa wachache, washindani huwa wachache, na bei hushuka. Anayeumia ni yule aliyekuwa akilala ndani ya nyumba hiyo.

Mnada kabla ya intaneti

Kiswahili hakikungoja kompyuta ili kiwe na maneno ya mnada. Pwani ilikuwa nayo zamani, na mengi yana asili ya Kiarabu. Kitenzi «nadi» maana yake ni kutangaza kwa sauti, na kutokana nacho tukapata «mnada» na «mnadi», yaani yule anayetangaza bidhaa na kupokea bei. Neno lenyewe linatukumbusha kwamba mnada ulikuwa shughuli ya sauti: bei ilisemwa mbele ya watu, na kila mtu alimwona aliyeitaja.

Neno «dalali» nalo lina asili ya Kiarabu. Katika kamusi dalali ni mtu anayeuza mali kwa niaba ya mwingine na kupata ujira wake. Leo mjini Dar es Salaam ukisema dalali, wengi watamfikiria anayekutafutia chumba cha kupanga. Kigali mtu huyo huitwa «komisiyoneri». Huko Tanzania yupo pia «dalali wa mahakama», ambaye kazi yake ni kutekeleza hukumu na kuuza mali iliyokamatwa. Anayefanya kazi inayofanana na hiyo hapa Rwanda ni «umuhesha w'inkiko». Ni muhimu mwanafunzi asiwachanganye watu hawa. Komisiyoneri ni mfanyabiashara. Umuhesha w'inkiko ni mtekelezaji anayetambuliwa na sheria.

Neno «zabuni» limesafiri zaidi. Siku hizi tunalisikia katika matangazo ya serikali, pale kampuni zinapoalikwa kushindania kazi ya kujenga barabara au kuleta vifaa. Lakini matumizi yake ya zamani katika Kiswahili yalikuwa ya mnadani: kuzabuni ni kutaja bei unayokubali kutoa. Kwa hiyo hatuna sababu ya kulikopa neno la Kiingereza «bid» wakati zabuni ipo. Mitaani pia hutumika «dau», yaani kile mtu anachokiweka katika mashindano, na watu husema «kupanda dau» bei inapoongezwa. Katika maandishi rasmi tunapendekeza zabuni. Katika mazungumzo dau linatosha.

Je, «cyamunara» lenyewe? Kwa maoni yetu ni vigumu kulitamka neno hili la Kinyarwanda bila kusikia ndani yake «cha mnada». Soko, duka na deni navyo vina ndugu zao katika Kinyarwanda: isoko, iduka, ideni. Mwanafunzi wa Kigali anapojifunza neno mnada, basi, hajifunzi neno geni. Anakutana na jamaa aliyemzoea katika vazi jingine.

Mnada ulivyoingia katika kompyuta

Mnada mkubwa wa mtandaoni unaojulikana zaidi duniani ulianzishwa Marekani mwezi Septemba mwaka 1995 na Pierre Omidyar kwa jina la AuctionWeb, na mwaka 1997 ukachukua jina la eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha mwanga wa leza kilichokuwa kimeharibika, kwa dola 14.83. Husimuliwa kwamba Omidyar alimwandikia mnunuzi kuhakikisha kama alielewa kuwa kitu hicho hakifanyi kazi, naye akajibu kuwa anakusanya vile vilivyoharibika. Kisa hiki kinachekesha, lakini kina funzo: muuzaji alisema ukweli kuhusu hali ya kitu, na mnunuzi alisoma. Biashara nzima ya mnada wa mbali inasimama juu ya mambo hayo mawili, kwa kuwa hakuna anayekishika kitu kwa mkono.

Katika Afrika Mashariki, mnada wa chai wa Mombasa ni mfano wa karibu. Ulianza mwaka 1956 jijini Nairobi, ukahamia Mombasa baadaye, na chai ya Rwanda nayo huuzwa huko. Kwa miaka mingi wanunuzi waliketi ukumbini wakitaja bei kwa sauti. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, mnada huo ulihamia katika kompyuta. Wenye chai wana jaragoni yao: BP1, PF1, PD na D1 ni madaraja ya majani kufuatana na ukubwa wa chembe zake. Mgeni haelewi kitu. Mwenyeji, kwa herufi mbili tatu, anajua chai hiyo itapikwaje na itauzwa wapi.

Hapa Rwanda mabadiliko yalikuja mwaka huohuo wa 2020, pale minada ya utekelezaji wa hukumu na ya mali zilizowekwa rehani benki ilipoanza kufanyika kupitia tovuti ya cyamunara.gov.rw. Kabla ya hapo watu walikusanyika mahali mali ilipo, na malalamiko hayakukosekana: kwamba wanunuzi wachache wanaojuana walikubaliana bei kabla ya kufika, na nyumba ikaondoka kwa fedha kidogo. Mtandao umepanua uwanja. Mtu aliye Rubavu au hata Brussels anaweza kushindania nyumba ya Nyakabanda. Lakini uwanja mpana hauna faida kwa asiyejua kusoma kilichoandikwa langoni.

Kulisoma tangazo la cyamunara

Tulichukua matangazo kadhaa ya aina hii na kuyasoma darasani mstari kwa mstari. Yafuatayo ndiyo maneno yaliyohitaji maelezo.

«Umutungo utimukanwa» ni mali isiyohamishika: ardhi, nyumba, au vyote viwili. Neno hili likikosekana, huenda kinachouzwa ni gari au mashine, na taratibu za kukabidhiwa zitakuwa nyingine.

«UPI» ni nambari ya utambulisho wa kiwanja. Ina sehemu tano zinazotenganishwa kwa mkwaju: mkoa, wilaya, sekta (umurenge), seli (akagari), na mwishoni nambari ya kiwanja chenyewe. Nambari inayoanza na 1/01 iko katika Jiji la Kigali, Wilaya ya Nyarugenge. Kwa hiyo tangazo likisema nyumba iko Nyakabanda na nambari yake ikaanza na 1/03, msomaji asimame hapo hapo, kwa sababu 1/03 ni Kicukiro. Ama kuna kosa la uchapaji, ama kuna mtu anayetaka kukuuzia kisichokuwepo. Nambari hii ndiyo inayokuwezesha kuthibitisha kiwanja ni cha nani. Jina la mtaa peke yake halitoshi.

«Igenagaciro» ni uthamini, yaani makadirio ya thamani yaliyofanywa na mtaalamu. Taaluma ya wathamini wa mali zisizohamishika hapa nchini imewekewa sheria tangu mwaka 2010. Wanafunzi walituuliza kama igenagaciro ni bei. Jibu ni hapana. Thamani ni maoni ya mtaalamu kwa siku aliyokagua. Bei ni kile ambacho mtu fulani amekubali kutoa. Katika Kiswahili tofauti hiyo ipo wazi: kitu chaweza kuwa na thamani kubwa na bei ndogo, na kinyume chake. Msomaji aangalie pia tarehe ya uthamini.

«Ingwate» ni neno linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, maana katika tangazo moja laweza kutokea mara mbili kwa maana mbili. Ingwate ya kwanza ni ile mali iliyowekwa benki ili kupata mkopo, ambayo katika Kiswahili tunaiita «rehani». Ya pili ni «ingwate y'ipiganwa», fedha anazoweka mshindani kabla ya kuzabuni ili aonyeshe kwamba hatanii. Hii tunaiita «dhamana ya zabuni», na katika matangazo tuliyosoma ni asilimia 5 ya thamani ya mali. Tuseme nyumba imethaminiwa faranga milioni 40. Dhamana itakuwa milioni 2. Asiyeshinda hurudishiwa. Aliyeshinda kisha akashindwa kulipa bei aliyoitaja katika muda uliowekwa yuko katika hatari ya kuipoteza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya dhamana. Faranga milioni 2 ni ada ya miaka kadhaa ya mwanafunzi. Kuizabunia nyumba «kwa kujaribu tu», kama mwanafunzi mmoja alivyopendekeza, si mchezo.

«Gupiganwa» huwachekesha wanafunzi wetu kila mara. Katika Kiswahili kupigana ni kurushiana ngumi. Katika Kinyarwanda gupiganwa ni kushindana, na hapa ni kushindana kwa bei. Anayetafsiri tangazo asiandike kwamba «kupigana kutaanza saa nne asubuhi». Aandike «ushindani wa bei utaanza». Tangazo hutaja tarehe na saa ya kuanza ushindani na ya kumtangaza mshindi. Kompyuta haina huruma ya dakika tano. Saa ikifika, mlango umefungwa.

Hapo hapo tuseme neno kuhusu saa. Kiswahili huhesabu saa kuanzia alfajiri, na Kinyarwanda pia: saa nne ni saa ambayo simu huandika 10:00. Tovuti huandika kwa mtindo wa simu. Tangazo likisema «saa yine» na tovuti ikaandika 10:00, ni wakati uleule mmoja. Lakini anayesoma 4:00 akadhani ni saa nne, au akasikia saa nne akaweka kengele saa 4:00, atafika wakati usio wake.

«Cyamunara ya mbere», «ya kabiri», «ya gatatu» ni mnada wa kwanza, wa pili na wa tatu wa mali ileile. Mali isiyopata bei inayokubalika katika mnada wa kwanza huweza kurudishwa tena. Watu wengine hungoja makusudi mnada wa mwisho wakitumaini bei itashuka. Yafaa ieleweke kwamba masharti ya kila awamu hayafanani, na kila mara asomaye asome tangazo la awamu ile inayohusika badala ya kutegemea lile aliloliona mwezi uliopita.

«Gusura umutungo» ni kuitembelea na kuikagua mali. Matangazo hutaja siku za kufanya hivyo na nambari ya simu ya mwenye kusimamia mnada. Mstari huu hurukwa na wengi, na ndio mstari wenye thamani kuliko picha zote. Waswahili wana msemo kuhusu kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Picha ya nyumba katika simu ni gunia. Ukienda utaona ufa wa ukuta na mteremko wa kiwanja, utajua maji ya mvua yanapita wapi, na zaidi ya yote utajua nani anaishi mle.

Upande wa mwenye nyumba

Tumesema kwamba mwenye deni naye anahusika. Maneno matatu yanamgusa moja kwa moja.

La kwanza ni «inyandikompesha», hati ya utekelezaji, yaani karatasi inayompa mtekelezaji nguvu ya kisheria ya kuuza. Mwenye nyumba ana haki ya kujua mali yake inauzwa kwa hati gani. Pasipo hati ni vitisho tu.

La pili ni «salio». Nyumba ikiuzwa kwa bei inayozidi deni na gharama, kinachobaki ni cha mwenye nyumba. Bei isipofikia deni, kilichopungua hakifutiki chenyewe, hubaki kuwa deni. Hapa ndipo inapoonekana wazi kwa nini washindani wengi ni heri kwa mwenye nyumba. Tuseme deni ni milioni 25. Nyumba ya thamani ya milioni 40 ikiuzwa kwa milioni 36, familia inaondoka na kitu cha kuanzia maisha mapya mahali pengine, baada ya kutoa gharama. Ikiuzwa kwa milioni 22, familia inaondoka bila nyumba na bado inadaiwa milioni 3. Tofauti kati ya hali hizo mbili yaweza kuwa washindani wawili watatu ambao hawakulielewa tangazo wakaona afadhali waache.

La tatu ni «kukomboa». Katika Kiswahili cha rehani, kukomboa ni kulipa deni na kurudishiwa kile ulichokiweka. Njia ya kuzungumza na benki, au ya kumtafuta mnunuzi kwa hiari na kwa idhini ya benki, hutafutwa mapema, siyo siku ya ushindani. Tunawasihi wanafunzi wanaosoma matangazo haya majumbani kwao, pengine wakiwa ndio pekee waliosoma katika familia, wawaeleze wazazi maneno haya mapema. Aibu ya deni huwafanya watu wengi wakunje karatasi na kuiweka chini ya godoro. Karatasi iliyokunjwa haisimamishi saa.

Maneno ya tovuti za kimataifa

Sasa tuingie katika tovuti za kuuzia vitu vidogo. Hapa tatizo si Kinyarwanda cha sheria bali Kiingereza cha mkato. Tutayaeleza maneno kwa Kiswahili na kulitaja la Kiingereza pale tu ambapo msomaji atalikuta kwenye skrini.

Bei ya kuanzia ni kiasi cha chini ambacho zabuni ya kwanza inaweza kuwa. Muuzaji huiweka ndogo ili kuvuta watu. Asiyejua huiona dola 1 akadhani ndiyo bei.

Bei ya chini ya siri ni ile ambayo muuzaji hatauza chini yake, lakini hakuionyesha. Kwenye skrini huitwa «reserve». Ukiona imeandikwa kwamba haijafikiwa, maana yake hata ukiwa unaongoza, bado hujanunua kitu. Kifupisho NR humaanisha kwamba hakuna bei ya namna hiyo: zabuni ya juu kabisa itashinda hata ikiwa ndogo.

Nyongeza ni hatua ya chini ya kupandisha bei. Kama nyongeza ni faranga 5,000 na bei iko 100,000, huwezi kutaja 101,000.

Zabuni ya wakala ndiyo inayowachanganya wengi. Unaiambia tovuti kiasi cha juu kabisa unachokubali kutoa, nayo inakuzabunia kidogo kidogo, kwa siri, inapohitajika tu. Tuseme kompyuta imeanzia faranga 100,000 na nyongeza ni 5,000. Wewe umeweka kikomo cha 180,000. Mwenzako ameweka 150,000. Tovuti itasimamisha bei kwenye 155,000 na wewe ndiye utakayeongoza. Hutalipa 180,000 isipokuwa atokee wa kukusukuma hadi huko. Kwa maneno mengine, unalipa kidogo zaidi ya kikomo cha aliyekufuata. Mwanauchumi William Vickrey aliuchambua mnada wa aina hii, ambamo mshindi hulipa bei ya aliyekuwa wa pili, katika makala yake ya mwaka 1961, na mwaka 1996 akapata Tuzo ya Nobel. Funzo lake kwa mnunuzi ni jepesi: amua thamani ya kitu kwako, iandike mara moja, kisha uondoke. Anayebaki mbele ya skrini akiongeza hasira juu ya bei hulipa hasira yake.

Kuvizia ni kutaja bei katika sekunde za mwisho ili wengine wasipate nafasi ya kujibu. Kiingereza hukiita kitendo hiki «sniping», yaani kulenga shabaha kwa kujificha, lakini kuvizia kwetu kunatosha kabisa. Katika mnada wa sokoni mnadi husema mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mtu hupata pumzi ya kufikiri. Mnada unaofungwa kwa saa hauna pumzi hiyo.

Mzabuni bandia ni mtu, mara nyingi rafiki wa muuzaji au muuzaji mwenyewe kwa jina jingine, anayepandisha bei bila nia ya kununua. Hila hii ni ya kale kuliko umeme. Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo waliosoma fiqhi wanaijua kwa jina la «najshi», nayo imekatazwa katika Hadithi. Mwaka 2000, mchoro mmoja uliowekwa eBay kwa bei ya kuanzia ya senti 25 ulipanda hadi dola 135,805, kwa kuwa watu walidhani ni kazi ya mchoraji Mmarekani Richard Diebenkorn. Ikagundulika kwamba muuzaji alijizabunia mwenyewe, na mauzo yakafutwa. Baadaye alishtakiwa pamoja na wenzake. Dalili ya kuangalia ni jina lisilo na historia ambalo hupanda bei za muuzaji mmoja tu na halishindi kamwe.

BIN humaanisha kuwa unaweza kununua papo hapo kwa bei iliyotajwa bila kungoja ushindani. OBO humaanisha «au toa ofa yako»: hapa kupatana bei kunaruhusiwa, kama sokoni Kimironko.

«Kama kilivyo», ambayo utaiona imeandikwa «as is», ni maneno mafupi yenye uzito mkubwa. Muuzaji anasema hatarudisha fedha kwa kasoro yoyote utakayoikuta. Kikifika kimekufa, umezika mwenyewe.

Maoni ya wanunuzi ni sifa ya muuzaji iliyoandikwa na waliomtangulia. Yasome yale mabaya kwanza, na uangalie tarehe. Muuzaji aliyesifiwa kwa kuuza vitabu 200 si lazima awe mkweli anapouza simu yake ya kwanza ya bei kubwa.

Amana kwa mtu wa tatu ni mpango ambao fedha zako hukaa kwa mtu asiye muuzaji wala mnunuzi hadi mzigo ufike na ukubaliwe. Ni kinyume cha mali kauli ya wafanyabiashara wa pwani, ambapo bidhaa huchukuliwa kwa neno la mdomo na kulipwa baada ya kuuzwa. Mali kauli inahitaji watu wanaojuana. Pasipo kujuana, ndipo mtu wa tatu anapohitajika.

Maneno ya kukimbia

Kuna sentensi ambazo ukikutana nazo, katika lugha yoyote, huhitaji kamusi. «Tumalizane nje ya tovuti nikupunguzie.» Ukilipa nje ya tovuti umeuacha ulinzi wote mlangoni. «Tuma dhamana kwenye simu yangu, nitakuingizia mimi.» Dhamana ya cyamunara hulipwa kwenye akaunti iliyotajwa katika tangazo rasmi, si kwenye simu ya mtu. «Nitumie namba ya siri uliyopokea sasa hivi.» Hakuna mnada unaohitaji namba yako ya siri. «Kuna mwingine anakuja na fedha, amua sasa.» Haraka haraka haina baraka, na anayekukimbiza ana sababu yake.

Hitimisho

Kiswahili kiliwekwa na sheria kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Lugha haiwi rasmi kwa sheria peke yake. Huwa rasmi pale mtu anapoweza kuitumia katika jambo linalogusa nyumba yake na fedha zake. Ndiyo maana tunaona kazi ya idara kama yetu si kufundisha ngeli na mashairi tu, ingawa hayo nayo yana nafasi yake. Ni pamoja na kumwezesha mwanafunzi asome tangazo la cyamunara kwa lugha nne, Kinyarwanda, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na kumweleza jirani yake bila kupotosha.

Tunapendekeza walimu wenzetu walete tangazo halisi darasani, wafiche majina ya wahusika, kisha wawape wanafunzi kazi tatu: kubainisha nani anauza na kwa hati gani, kukokotoa dhamana, na kuandika kwa Kiswahili sanifu masharti yote kwa sentensi zisizozidi kumi. Zoezi hili hufundisha msamiati, hesabu na tahadhari kwa wakati mmoja.

Kwa wale watakaoingia mnadani, tunawaachia methali ambayo wafanyabiashara wameibandika katika maduka yao kwa miaka mingi: mali bila daftari hupotea bila habari. Andika thamani, kikomo chako, tarehe, saa, akaunti na nambari ya kiwanja. Hifadhi nakala ya tangazo, kwa kuwa kilicho kwenye skrini leo kesho chaweza kuondolewa. Neno usilolielewa liulize kabla ya kubonyeza. Milango ya idara iko wazi, na kuuliza si ujinga.